Shule Zikifungwa, Mtoto Analala kwa Nani?

Shule zinapofungwa kuelekea mwezi wa sita, stendi ya Misuna hapa Singida mjini hujaa watoto. Wengine wameshikwa mkono na mama zao. Wengine wamekabidhiwa kwa konda, begi la nguo mgongoni, namba ya simu imeandikwa kwenye karatasi na kutiwa mfukoni. Wanakwenda Manyoni, Itigi, Shelui, Dodoma, hata Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 700. Wengi wao wanakwenda kwa babu na bibi, kama watoto wote wakati wa likizo. Lakini wamo ambao safari yao ilianzia mahakamani. Baba na mama waliachana, ikaamuliwa mtoto akae kwa mmoja, na likizo ndiyo nafasi yake ya kuishi na yule mwingine.

Wapo pia ambao hawafiki stendi kabisa. Shule imefungwa, mtoto amefua nguo zake na begi liko tayari, halafu simu inapigwa, sauti zinapanda, simu inakatwa, na mtoto anaambiwa, "Huendi tena." Hao na wale wa stendi ndio ninaotaka tuwazungumzie jioni hii.

Ninachotaka kukuomba, baba au mama uliyeachana na mwenzako, ni kwamba ratiba ya likizo ya mtoto iandikwe. Iandikwe kwa tarehe, iandikwe mapema, na mtoto awe ndiye anayefuatwa kwanza katika kila mstari. Nimeziona karatasi za makubaliano zenye sentensi moja tu kuhusu jambo hili: "Baba atamwona mtoto wakati wa likizo." Basi. Likizo ipi? Ile ya Juni au ya Desemba? Aondoke siku shule inapofungwa au wiki inayofuata? Nauli anatoa nani, na anayemrudisha ni nani? Sentensi ile haijibu hata moja kati ya maswali haya, na kila swali lisilojibiwa kwenye karatasi litajibiwa kwa ugomvi kwenye simu, mtoto akisikiliza.

Tuanze na sheria, kwa sababu watu wengi wanadhani haisemi kitu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inampa hakimu mamlaka ya kuamua mtoto akae kwa nani, na inamwambia atangulize ustawi wa mtoto. Baada ya hapo ndipo atazame matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa amefikia umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii wanayotoka. Mtoto aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kwamba ni heri akae na mama yake, mpaka ithibitike vinginevyo. Hicho ndicho kifungu ambacho watu wanakijua, angalau kwa kusikia.

Kinachofuata, cha 126, hakitajwi sana, nacho ndicho kinachohusu likizo. Kinasema hakimu anaweza kuweka masharti katika amri yake: mtoto aishi wapi, asomeshwe vipi, na amtembelee mzazi asiyekaa naye kwa nyakati na kwa vipindi ambavyo mahakama itaona vinafaa. Hapo hakimu amepewa kalamu ya kuandika siku na wiki. Lakini mara nyingi hakimu huandika kile alichoombwa, na wazazi wengi huingia mahakamani wakiwa wamejiandaa kubishania nyumba, ng'ombe na kiwanja. Likizo ya mtoto inakumbukwa jioni, watu wameshachoka.

Halafu kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 26 kinazungumzia moja kwa moja mtoto ambaye wazazi wake wametengana au wameachana. Kinampa haki ya kuendelea kutunzwa na kusomeshwa kwa kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla wazazi hawajaachana. Kinampa haki ya kuishi na yule ambaye mahakama inaona ataweza kumlea vizuri. Na kinampa haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wake mwingine kila anapotaka, isipokuwa pale ambapo mpango huo utavuruga masomo na mafunzo yake. Sikiliza vizuri haki hiyo ni ya nani. Haki imewekwa mikononi mwa mtoto. Baba anayesema "nimenyimwa mtoto wangu" anasema jambo linalouma kweli, lakini aliyenyimwa kwanza ni mtoto, amenyimwa baba. Na mama anayesema "nimemruhusu aende" anajihesabia ruhusa ambayo sheria ilishampa mtoto.

Tanzania haikulitunga hili peke yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, yote miwili inasema mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuwa na uhusiano naye na kuonana naye mara kwa mara. Majirani zetu wa Kenya wameliandika ndani ya Katiba yao ya 2010, ibara ya 53: baba na mama wana wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Siku ya Mtoto wa Afrika yenyewe, tarehe 16 Juni, mara nyingi huangukia katikati ya likizo. Siku hiyo viongozi wanahutubia uwanjani kuhusu haki za watoto, na huko majumbani wapo watoto wanaosubiri kuambiwa kama watamwona baba mwaka huu au la.

Sasa tuje kwenye mila, kwa sababu huwezi kuzungumzia mtoto Singida ukaacha ukoo na ng'ombe pembeni. Kwa Wanyaturu, na kwa jirani zetu wengine wengi wanaofuata ukoo wa baba, mahari yakishatolewa watoto ni wa upande wa baba. Wazee wanalisema hilo bila kutetereka, na hata Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandika hivyo kwa jamii zinazofuata upande wa baba. Kwa hiyo ndoa ikivunjika, utamkuta baba anayeamini kwamba hana haja ya ratiba yoyote, mtoto ni wake na atamchukua anapotaka. Na utamkuta mama anayeamini kwamba akimwachia mtoto aende kwa baba wiki tatu tu, ukoo utamshika na hatarudi. Wote wawili wanaongozwa na jambo moja, mmoja kwa kujiamini, mwingine kwa hofu.

Sheria ya 1971 haikuifuta mila. Imeitaja, lakini imeiweka nyuma ya ustawi wa mtoto. Mimi nadhani mila yenyewe ina kitu chema hapa ambacho tumekisahau: ilitaka mtoto awajue watu wake. Mtoto wa Ikungi anayekulia Dar es Salaam kwa mama yake anahitaji kumjua babu, shangazi, binamu, makaburi ya wazee, na lugha yao. Likizo yenye tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi inamwezesha kuyapata hayo yote bila kumwibia mama yake malezi. Karatasi yenye tarehe hizo inamsaidia baba pia, kwa sababu mama aliyehakikishiwa kwa maandishi kwamba mtoto atarudi tarehe fulani humwachia kwa moyo mwepesi zaidi.

Lipo jambo ambalo nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu ndilo linaloharibu likizo nyingi kuliko yote. Ni matunzo.

Mama anasema: huyu bwana hajatuma hata shilingi tangu Januari, ada nimelipa mimi, sare nimenunua mimi, leo shule zimefungwa ndiyo anamkumbuka mtoto? Haendi. Baba naye anasema: nitume hela kwa mtoto ambaye sijamwona mwaka mzima? Akimleta, nitatuma. Kila mmoja ana hoja yake, na ukimsikiliza peke yake utamwonea huruma. Lakini tazama wanachokifanya. Wamemfanya mtoto kama mzigo uliowekwa rehani dukani: lipa upewe, leta ulipwe.

Sheria haikuyafunga mambo haya mawili kwa kamba moja. Matunzo ni wajibu. Baba anadaiwa awe amemwona mtoto au hajamwona, na asipotoa, mama ana mahali pa kwenda: kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na kutoka hapo mahakamani, akaombe amri ya matunzo. Kutembelea nako ni haki ya mtoto, na haisimami kwa sababu mzazi ana deni. Mama anayemzuia mtoto ili kumkamua baba anamkamua mtoto. Baba anayezuia hela ili kumlazimisha mama, ananyima chakula na madaftari mtu ambaye hakumkosea lolote. Naomba mama asinielewe vibaya. Najua mzigo wa kulea peke yako, najua hasira ya kuona mtu anakuja Desemba na zawadi ya viatu halafu mtoto anarudi akimsifu. Hasira hiyo ni halali. Ipeleke ustawi wa jamii, ipeleke kwa hakimu, isimkute mtoto mlangoni akiwa na begi lake.

Tuiangalie kalenda sasa. Huko Ulaya na Marekani shule hufungwa kwa muda mrefu katika kiangazi chao, na mashauri yao ya talaka yana utaratibu maalumu wa miezi hiyo. Uingereza kwa mfano, tangu mwaka 2014, mahakama hutoa amri moja inayosema mtoto anaishi na nani na lini anakaa na nani. Kwetu mwaka wa shule unaanza Januari. Kuna mapumziko mafupi katikati ya muhula, ya siku chache, kisha likizo ya Juni ya kama mwezi mmoja, kisha likizo ya Desemba mpaka Januari. Kwa wazazi wanaoishi mji mmoja, hata siku chache zile zinatosha mtoto kulala kwa baba. Kwa mzazi aliye Dar es Salaam na mtoto aliye Kiomboi, siku mbili zitaishia barabarani. Huyo ahesabu Juni na Desemba tu, na aziheshimu.

Juni hapa kwetu ni kiangazi. Mvua zimekatika tangu Aprili au Mei, upepo unavuma, alizeti imevunwa na inapurwa, mtama uko ghalani. Ni msimu ambao nyumba nyingi zina chakula na kidogo cha mfukoni. Kwa mtoto anayekuja kijijini ni wakati mzuri kuliko wote, njia zinapitika na watu wana nafasi ya kukaa naye. Desemba ni tofauti, mvua za kwanza zimenyesha na kila mtu yuko shambani. Mtoto kusaidia kazi za nyumbani ni malezi, wala sina ugomvi na hilo. Lakini kama baba anamkumbuka kijana wake kila Desemba tu, na kijana anatumia mwezi mzima nyuma ya ng'ombe bila kuonana na baba yake isipokuwa usiku, hapo tuseme ukweli kwamba aliyeitwa ni mchungaji. Hakimu akiambiwa hilo atalisikiliza.

Kuna mwaka mmoja ambao wazazi wengi wanaupanga vibaya, nao ni mwaka wa darasa la saba. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba. Kwa hiyo Juni ya mwaka ule ndiyo Juni ngumu, walimu wanasisitiza marudio, mtoto ana wasiwasi, na kumsafirisha mwezi mzima ni kumvuruga. Hapo sheria yenyewe iko upande wa masomo. Lakini baada ya mtihani, mtoto huyo yuko huru mpaka Januari atakapoingia kidato cha kwanza. Ni zaidi ya miezi mitatu! Ndiyo nafasi ndefu kuliko zote tangu aanze shule. Mzazi aliyekubali kuiacha Juni apewe sehemu nzuri ya miezi hiyo, na iandikwe hivyo. Vivyo hivyo kwa kijana wa kidato cha nne, ambaye humaliza mtihani wake Novemba na kama atachaguliwa kidato cha tano ataanza katikati ya mwaka unaofuata. Mzazi mwenye busara anaangalia miaka hiyo miwili mapema, mtoto akiwa bado darasa la tano au la sita.

Sikukuu nazo zina hesabu yake. Krismasi iko ndani ya likizo kila mwaka, kwa hiyo ni rahisi kupeana zamu: miaka shufwa kwa mama, miaka ya witiri kwa baba, na mwaka mpya kinyume chake. Idi haikai sehemu moja. Kila mwaka inarudi nyuma kwa siku kama 11, kuna miaka inakuwa ndani ya likizo, na kuna miaka inawakuta watoto darasani. Familia ya Kiislamu inayoandika "Idi kwa baba" bila maelezo zaidi itakuja kugombana. Afadhali waandike Idi peke yake: mtoto atasali na nani Idi ya mfungo, na nani Idi ya kuchinja, na ikiangukia siku za shule atalala wapi.

Sasa nifike kwenye ndugu. Hapa Singida, kama kwingineko, wazazi wakiachana watoto huweza kugawanywa: mvulana kwa baba, msichana kwa mama. Sheria ya Ndoa haimlazimishi hakimu kuwaweka wote kwa mtu mmoja. Sheria ya Mtoto, katika mambo anayopaswa kuyapima, inataja kwamba ni vizuri ndugu wakae pamoja. Pale inaposhindikana, likizo ndiyo dawa pekee iliyobaki. Na bado nyumba nyingi huiharibu dawa hiyo kwa nia njema kabisa. Tuseme baba anaishi Manyoni na mtoto wa kiume, mama yuko Singida mjini na wa kike. Shule zinafungwa, wazazi wanakubaliana bila kelele, kila mmoja ampeleke mtoto kwa mwenzake. Kijana anapanda basi Manyoni, dada yake anapanda Misuna, na mabasi yao yanapishana Ikungi. Wiki nne baadaye yanapishana tena. Baba amemwona binti yake, mama amemwona kijana wake, kila mmoja ameridhika, na watoto wawili waliozaliwa tumbo moja hawajaonana hata dakika moja.

Ukifanya ratiba, anza na watoto kuwa pamoja, kisha ndipo ugawe nyumba. Wiki mbili za kwanza wote wawili wawe kwa baba, wiki mbili za mwisho wote wawe kwa mama. Nauli ni ileile. Ugumu wake ni kwamba kila mzazi atakaa wiki mbili nyumba ikiwa kimya. Wazazi watauvumilia ukimya huo. Watoto kukua bila kujuana ni jambo ambalo halirudishiki.

Kwa mtoto mdogo, wa miaka mitatu au minne, usidai mwezi mzima. Mtoto wa umri huo hawezi kubeba wiki nne kichwani mwake, kwake mama amepotea. Aanze kwa mchana mmoja, kisha usiku mmoja au miwili, na mzazi mwingine asafiri kumfuata alipo badala ya mtoto kupandishwa basi. Baba akilalamika kwamba siku mbili hazitoshi, tumwambie zitaongezeka kadiri mtoto anavyokua, na hilo nalo liandikwe, ili lisitegemee mama ameamkaje.

Nije kwenye hofu, maana hofu nyingine ni za kweli na hazifai kupuuzwa. Mkoa wetu una historia ya ukeketaji. Utafiti wa Afya na Demografia wa mwaka 2015/16 uliiweka Singida kati ya mikoa mitano iliyoongoza, asilimia 31 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Wapo waliokeketwa wakiwa wachanga, kwa kisingizio cha kutibu lawalawa, yaani maradhi ya sehemu za siri. Mama anayeogopa kumpeleka binti yake likizo katika nyumba ambayo bibi au shangazi bado anaamini mambo hayo, anaogopa kitu kilichopo. Tangu mwaka 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana imeweka kifungo cha kati ya miaka 5 na 15 kwa anayemfanyia hivyo binti wa chini ya miaka 18.

Lakini hofu hiyo isibaki moyoni mwa mama na kugeuka "haendi" isiyo na maelezo. Mama aiseme mbele ya afisa ustawi wa jamii na mbele ya hakimu. Hakimu anaweza kuamuru baba amwone binti yake mchana, mjini, mahali panapojulikana. Anaweza kutaja nyumba ambayo mtoto atalala na nyumba ambayo hatalala. Vivyo hivyo kwa mzazi mlevi au mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Kuna namba ya simu ya bure ya kumsaidia mtoto, 116, na kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Hatari ikiwepo, zitumike. Isipokuwepo, isitungwe, kwa sababu anayeitunga leo atakosa kuaminiwa siku ambayo itakuwapo kweli.

Mtoto mwenyewe aulizwe? Aulizwe, ndiyo. Sheria zote mbili zinataka maoni yake yasikilizwe ikiwa ana umri wa kuyatoa. Msichana wa kidato cha pili anaweza kusema wiki nne ni nyingi, ana rafiki zake na kwaya yake, angependa mbili. Huo si ukaidi. Aulizwe mambo ya lini na kwa muda gani. Asiulizwe anampenda nani. Na akirudi asihojiwe alikula nini, mama wa kambo alimwambia nini, baba ana simu gani mpya. Mtoto anayejua kwamba atahojiwa huanza kuficha, kisha huanza kusema kila upande kile unachotaka kusikia, na tunamfundisha uongo akiwa na miaka 9.

Akiwa kwa mzazi mmoja, yule mwingine apewe nafasi ya kumpigia. Saa moja jioni baada ya kula, simu ya baba iwe na chaji na isizimwe. Jambo dogo hili likiandikwa linazuia mama kupiga mara saba kwa siku, na linamzuia baba kusema mtandao ulikuwa mbovu mwezi mzima.

Na asiporudishwa? Tarehe imepita, shule zimefunguliwa, mtoto yuko kwa baba na simu hazipokelewi. Usiende na kaka zako usiku. Usimvizie getini. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto kwa mtu mwenye haki ya kukaa naye kisheria, na katazo hilo halijali kama anayemwondoa ni baba au mama. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii ukiwa na nakala ya amri, kisha rudi katika mahakama iliyoitoa. Hapo ndipo utakapoona thamani ya tarehe. Ukifika na karatasi inayosema "wakati wa likizo", mwenzako atajibu kwamba likizo haijaisha. Ukifika na inayosema mtoto arudi siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, nauli ya kurudi ikitolewa na baba, hakuna cha kubishania.

Wanaoanza safari hii sasa wajue inavyokwenda. Shauri la talaka kwa kawaida hupitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata, la msikitini au la kanisani. Baraza halivunji ndoa, lakini ni mahali pazuri pa kuanza kuandika ratiba, maana wazee wanawajua nyote wawili. Kisha shauri linaweza kufunguliwa hata Mahakama ya Mwanzo, si lazima uende mbali. Chukueni kalenda ya shule ya mwaka ule, andikeni pamoja, mwombeni hakimu aiingize katika amri yake. Hali ikibadilika baadaye, baba amehamia Mwanza au mtoto ameingia shule ya bweni, mahakama inaweza kuombwa irekebishe. Na kama hamkuwahi kufunga ndoa, bado mzazi anaweza kuomba kwa Sheria ya Mtoto nafasi ya kumwona mwanawe. Kwa asiyeweza kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, nao wako hadi wilayani. Ulizia kwenye ofisi ya ustawi wa jamii.

Nimalize na bibi. Bibi unayenisikiliza kule Sepuka, Mtinko au Nduguti, uliyemlea mjukuu tangu akiwa ananyonya wakati wazazi wake wakigombana, kisha mama yake akaja kumchukua na hujamwona tena. Wewe nawe umo. Sheria ya Ndoa inataja watu wa familia ya mzazi aliyefariki au asiyekaa na mtoto, na Sheria ya Mtoto, kifungu cha 38, inamruhusu ndugu aliyekuwa akimtunza mtoto aombe mahakamani nafasi ya kuonana naye kwa vipindi. Huhitaji mwanao akuombee. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto kama unayo, jina la shule aliyosoma, na jirani mmoja anayejua kwamba ulimlea, nenda ustawi wa jamii wa halmashauri yako kabla Desemba haijafika, na uwaambie unaomba wiki ngapi.